Virutubisho vya bahari na barafu ya zamani: mtu wa Uganda anaingilia wapi?

binti_wa_mubuku

Habari zenu wakubwa wa humu. Niko Kasese, nimemaliza digrii ya kwanza ya jiolojia na sasa natafuta nifanye nini kwa digrii ya pili. Katika kusomasoma nikakutana na kazi za mtu anaitwa Daniel Sigman, profesa wa Princeton kule Marekani, mwaka 2009 walimpa ile tuzo ya MacArthur. Yeye kazi yake kubwa ni nitrojeni ya baharini, yaani anachukua matope yaliyotolewa chini ya bahari, anachambua vigamba vidogo sana vilivyomo, halafu anakwambia miaka 20,000 iliyopita viumbe vidogo vya kijani vya bahari vilikula nitrati kiasi gani na kwamba hiyo ni sehemu ya sababu hewa ukaa ilipungua angani na dunia ikawa baridi.

Mimi nimeipenda vibaya lakini nimeelewa nusu. Kinachonisumbua ni hiki, hiyo nitrati si ilishaliwa, imekwisha, haipo tena, sasa unapimaje kitu kilicholiwa na nani hajui miaka 20,000 iliyopita?

La pili ni la nyumbani. Mjomba ndiye ameahidi kunisaidia ada. Nilimweleza yote haya vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mama, hiyo bahari iko wilaya gani?" Bannange nilikosa jibu. Wenzangu wa darasa karibu wote wamekimbilia mafuta Hoima na Buliisa na mjomba anajua hilo. Mnisaidie, mtu wa Uganda anaingilia wapi kwenye mambo ya bahari?

boda_wa_walukuba

Mwambie mjomba bahari iko wilaya ya Mombasa 😂😂 endelea mbele usirudi nyuma

mtu_wa_maabara

Dada karibu, swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyofikiri kwa sababu ndilo lililowachelewesha hata wenyewe miaka mingi.

Nitrojeni isiyooza iko aina mbili, ya uzito 14 na ya uzito 15. Ya 15 ni chache mno, hewani ni kama 0.37% tu, iliyobaki yote ni 14. Sasa planktoni, vile viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea juu ya maji, vikikuta nitrati nyingi vinachukua 14 kwa wingi zaidi maana ni nyepesi na inaingia haraka, na 15 inabaki nyuma. Nitrati ikiwa kidogo hakuna kuchagua, inaliwa yote, nyepesi na nzito. Ni sawa na shule ya bweni siku ya nyama, chakula kikiwa tele utakuta mifupa imetupwa na nyama yake, kikiwa kidogo mifupa imetafunwa mpaka imekuwa unga, na wewe ukija kesho yake ukaangalia jalala tu unajua jana hali ilikuwaje ingawa hukuwepo. Kwa hiyo hupimi nitrati iliyoliwa, unapima mwili wa aliyekula. Mwili ukiwa na 15 nyingi, ina maana nitrati ya pale juu ilimalizwa karibu yote. Ukiwa na 15 chache, chakula kilibaki.

Tatizo ni kwamba ule mwili ukizama chini bakteria wanaula na kuubadilisha, kwa hiyo ukipima matope hivi hivi yanaweza kukudanganya. Hapo ndipo vile vigamba vinapoingia. Kuna viumbe wa chembe moja wanaitwa foraminifera, wadogo kama punje ya mchanga, wanajenga nyumba ya chokaa, na ndani kabisa ya ukuta wa hiyo nyumba kunanaswa protini kidogo. Hiyo protini bakteria hawaifikii. Unakaa na darubini, unaokota vigamba vya aina moja, mamia, macho yanauma, unavipasua, unaviosha kwa kemikali mpaka uchafu wote wa nje utoke, ndipo unayeyusha chokaa na kubadilisha ile nitrojeni ya ndani iwe nitrati.

Halafu kuna ujanja ambao mimi naupenda kuliko yote. Mwaka 2001 Sigman na wenzake walitoa njia ya kutumia bakteria wanaopumua nitrati, lakini wa aina ambao hawana kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kwa hiyo wanaigeuza nitrati kuwa ile gesi ya kuchekesha ya madaktari wa meno na wanaishia hapo hawaendelei. Hiyo gesi ndiyo unaingiza kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima 14 ni kiasi gani na 15 ni kiasi gani. Faida yake ni kwamba sampuli ndogo sana inatosha. Zamani ungehitaji vigamba vingi kiasi kwamba hakuna tope la kukupa vyote hivyo, sasa unapata. Watu wanasifia nadharia, mimi nakwambia bila wale bakteria vilema hadithi nzima ya vigamba isingekuwepo.

Matokeo nitaandika jioni, sasa hivi umeme unayumba.

afande_mstaafu

Endelea kijana. Tunasubiri.

mtu_wa_maabara

Nimerudi. Sasa sehemu yenyewe ni bahari inayozunguka Antaktika. Kule maji ya kilindini yanapanda juu yakiwa na virutubisho tele, nitrati na fosfeti, na hewa ukaa iliyokuwa imefungiwa chini. Planktoni wangekula virutubisho vyote wangeirudisha ile kaboni chini wanapokufa na kuzama, lakini hawavimalizi mpaka leo, sehemu kubwa inabaki bila kuliwa, na hewa ukaa inavuja kwenda angani. Kumbuka bahari inabeba kaboni zaidi ya mara 40 ya ile iliyoko hewani, kwa hiyo tundu dogo pale linatikisa dunia nzima.

Kwa nini hawavimalizi? Mwanga wa jua ni haba huko, hiyo ni sababu mojawapo, na nyingine ni chuma. John Martin, Mmarekani, ndiye aliyeipigania hii mwishoni mwa miaka ya 1980, alitania kwamba apewe nusu meli ya chuma atawaletea enzi ya barafu. Enzi za barafu kulikuwa kukavu, upepo unapeperusha vumbi kutoka upande wa Patagonia, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na vumbi lina chuma. Mwaka 2014 Alfredo Martínez-García akiwa na Sigman na wengine walionyesha kwenye tope la Atlantiki ya kusini kwamba vumbi likizidi, na nitrojeni kwenye vigamba inakuwa nzito, vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Yaani chuma kilikuja, nitrati ikaliwa zaidi. Karibu na Antaktika yenyewe mambo ni tofauti kidogo, huko inaonekana maji ya chini yalipunguza kupanda, kama yamewekewa kifuniko, uvujaji ukapungua.

Na hewa ukaa tunaijua kutoka viputo vya hewa vilivyonaswa kwenye barafu ya Antaktika, rekodi inarudi miaka 800,000. Kipindi cha baridi kali ni kama ppm (chembe kwa kila milioni za hewa) 180 na kitu, kipindi cha joto kabla ya viwanda 280. Leo tumepita 420.

afande_mstaafu

Nimesoma yote mara mbili. Nimeelewa. Swali moja tu. Kama chuma kinafanya kazi hiyo, mataifa makubwa yanangoja nini? Si wabebe chuma kwenye manowari wamwage, joto lishuke? Mimi niko Karamoja, mvua huku siku hizi inakuja ikijisikia.

mtu_wa_maabara

Afande wamejaribu. Tangu 1993 yamefanyika majaribio zaidi ya kumi kwenye bahari mbalimbali, chuma kinamwagwa na bahari inageuka kijani mpaka setilaiti inaona, kwa hiyo kwamba kinaotesha halina ubishi. Kinachobishaniwa ni kama ile kaboni inazama kweli au inaliwa hapo hapo juu na kurudi hewani, na mara nyingi sehemu kubwa imeonekana kurudi. Pia angalia hesabu, hata enzi za barafu, vumbi likishuka kwa maelfu ya miaka bila kupumzika, mchango wa chuma unakadiriwa haukuzidi ppm 40. Sisi tumeongeza 140 kwa muda mfupi.

Halafu kuna dhuluma ndani yake. Virutubisho ambavyo haviliwi kule kusini havipotei, vinasafiri chini chini na mkondo na ndivyo vinalisha sehemu kubwa ya bahari za huku kwenye joto. Ukivimaliza kule umekula chakula cha samaki wa wengine. Mwaka 2012 kuna kundi lilimwaga tani kama 100 za chumvi ya chuma nje ya pwani ya magharibi ya Kanada wakitegemea samoni waongezeke, ilileta kelele dunia nzima.

kusi_na_kaskazi

Naingilia nikiwa Mombasa, nimefurahi kuona ndugu zetu wa bara mnajadili bahari kutushinda 😅

Hilo la maji ya chini kupanda hata mvuvi asiyesoma anaijua kwa njia yake. Kusi ikivuma kwa nguvu, juu huko upande wa Somalia maji ya baridi yanapanda yakiwa na rutuba na bahari inachemka samaki. Huku kwetu Kenya haipandi kwa nguvu hiyo na kusi ikiwa kali mashua ndogo hazitoki hata kidogo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema virutubisho vinavyopanda au kutopanda vilibadilisha hali ya hewa ya dunia, mimi sishangai, upepo ndio mwenye bahari.

mwalimu_osukuru

Mimi ni mwalimu wa jiografia pande za Tororo na nataka nijibu la mjomba maana naona wote mnakimbilia sayansi na mzee wa watu anasubiri.

Binti, wewe unatoka Kasese na jina umejiita la Mubuku. Mwambie mjomba atoke nje aangalie mlima. Margherita ni mita 5,109 na barafu yake tunajua inaisha, watoto wa leo wataisoma tu kwenye vitabu. Lakini shuka na bonde la Mubuku, utakuta vilima virefu vya mawe na udongo vimejipanga pande mbili za bonde, vimeachwa na barafu, mpaka chini kwenye mita 2,000 na kidogo hivi. Yaani barafu ilishuka karibu na mashamba ya kahawa ya watu. Kwenye ikweta! Sasa muulize mjomba, nani aliishusha?

Ile hadithi ya kitabu cha shule inasema ni mzunguko wa dunia kulizunguka jua, nadharia ya Milankovitch. Sawa, lakini mzunguko unabadilisha zaidi jua la kule kaskazini na wakati mwingine upande mmoja unapata zaidi huku mwingine ukipata kidogo. Ikweta ilipoa kwa nini na yenyewe, na kusini pia, kwa wakati mmoja? Jibu kubwa ni hewa ukaa kwa sababu hiyo haina mpaka, ikipungua Antaktika imepungua na Kasese. Na nani alipunguza hewa ukaa? Ndio hao planktoni na nitrati yao. Kwa hiyo barafu ya Rwenzori ilikuwa na mkono wa bahari ya kusini ndani yake. Hilo ndilo jibu la wilaya.

Nisiwe mnafiki lakini. Kuna waliopima yale mawe ya Rwenzori kwa berili ya 10, njia ya kujua jiwe lilifunuliwa na barafu lini, na matokeo yaliyotoka 2019 yakasema barafu yetu ilianza kurudi nyuma miaka kama 20,000 iliyopita, wakati hewa ukaa ilianza kupanda miaka kama 18,000 iliyopita. Yaani mlima ulitangulia. Wenyewe wanasema joto la kaskazini na kusini lilianza kwanza likafika huku. Kwa hiyo hewa ukaa haielezi kila kitu, inaeleza sehemu kubwa ya ukubwa wa baridi, lakini nani alipiga filimbi ya kwanza bado watu wanavutana. Kwangu mimi hapo ndipo penye nafasi ya binti wa Kasese kuliko mtu wa Princeton, maana kila jiwe liko nyuma ya nyumba yenu.

boda_wa_walukuba

mwalimu umeua 🔥 sasa na sisi Jinja je? Mto Nile si unatoka hapa, unaenda mpaka bahari ya Misri, kwa hiyo sisi ndio tunalisha ile bahari, serikali ya Misri itulipe

mwalimu_osukuru

Kijana tulia, usije ukapeleka bili Cairo halafu wakaikata. Chakula kikubwa cha ile bahari kilikuwa matope ya mafuriko na yale yanatoka Ethiopia, Nile ya Buluu na Atbara. Nile yetu inatoka ziwani ikiwa imeshachujwa, halafu inapita Kyoga, inapita vinamasi vya Sudan Kusini inapoteza maji mengi. Sisi tunausaidia mto usikauke miezi ya kiangazi cha Ethiopia, hiyo ndiyo sifa yetu.

Lakini kuna kitu kizuri hapo. Chini ya Mediterania upande wa mashariki kuna tabaka za matope meusi, wanaziita sapropeli. Ya mwisho ni ya kati ya miaka 10,000 na 6,000 iliyopita hivi, wakati Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Mvua zilikuwa kubwa, Nile ikamwaga maji mengi yasiyo na chumvi juu ya yale ya chumvi, yakaelea kama tabaka, oksijeni ikashindwa kushuka chini, na kila kilichokufa kikazikwa bila kuoza. Na nitrojeni ya tope hilo jeusi ni nyepesi, inafanana na ya hewani, maana yake kulikuwa na viumbe vinavyovuta nitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kazi ile ile ya vinundu vya mizizi ya maharage. Tabaka hizo zinarudi nyuma mamilioni ya miaka zikifuata ule mzunguko wa dunia kulizunguka jua, kwa hiyo mvua za Afrika Mashariki ya zamani zimeandikwa chini ya bahari ya Wagiriki.

mukene_wa_katosi

Mimi sijasoma haya mambo, nauza mukene (dagaa) mkavu, lakini nimefuata uzi huu tangu mwanzo na kuna jambo linanichanganya. Nyinyi mnasema virutubisho ni chakula, vikiwa vingi ni vizuri. Huku kwetu Ziwa Victoria maji yanageuka kijani kibichi yananuka, nyavu zinatoka na utelezi, na siku nyingine mputa (sangara) wanaelea wamekufa, na tukiuliza tunaambiwa virutubisho vimezidi. Sasa ni kipi?

Na pia huyo samaki wa Misri imekuwaje baada ya bwawa? Nilisikia walizuia matope.

mtu_wa_maabara

Mukene umeuliza swali kubwa kuliko sisi wote. Nianze na Misri ni fupi. Bwawa la Aswan lilipoanza kuzuia mafuriko 1964, dagaa wa pwani ya delta walianguka, kutoka karibu tani 18,000 mwaka 1962 mpaka chini ya 1,000 kabla muongo haujaisha. Kila mtu akasema ndio mwisho. Halafu kuanzia miaka ya 1980 samaki wakarudi, wakapita hata walivyokuwa, na watu wakawa hawaelewi maana mafuriko hayakurudi. Ikapimwa nitrojeni kwenye nyama ya samaki na ikaonekana inatoka kwenye mbolea za mashamba na maji taka ya miji. Yaani Nile ya matope ilikufa ikazaliwa Nile ya vyoo. Samaki hawana aibu wanakula.

Sasa ziwa letu. Kuna vipimo vya 1960 na 1961 vya upande wa Jinja, na watafiti wa Jinja waliporudia miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 walikuta uzalishaji wa mwani umekuwa kama mara mbili, na mwani wenyewe ndani ya maji umezidi mara nyingi zaidi ya hapo. Fosforasi imeongezeka, inatoka kwenye udongo wa vilima vilivyolimwa, moshi na majivu ya kuchoma misitu na nyasi unaoanguka na mvua, na maji taka, wa Kampala wanaujua mfereji wa Nakivubo unaishia wapi. Fosforasi ikizidi na nitrojeni ikawa haitoshi, wanaoshinda ni wale mwani wa buluu-kijani maana wenyewe wanajivutia nitrojeni kutoka hewani. Hao ndio unaowaona. Wakifa wanazama, wanaoza, oksijeni ya chini inakwisha, upepo ukigeuza maji ghafla mputa anakutana na maji yasiyo na hewa. Mputa anahitaji oksijeni nyingi ndiyo maana ndiye wa kwanza kuelea.

Kwa hiyo virutubisho ni chakula, ndiyo, ila ziwa lina mita 80 tu pale penye kina zaidi na halina pa kutupia mabaki. Bahari ina kilomita 4 chini.

Na binti sikiliza hapa maana hapa ndipo ningekuwa mimi ningeweka jina langu. Kipimo ni kile kile cha Sigman. Nitrojeni iliyovutwa hewani ni nyepesi, ukiilinganisha na ya hewani tofauti iko karibu na sifuri. Ya maji taka ni nzito. Kwa hiyo chukua tope la ghuba ya Murchison pale Kampala na tope la katikati ya ziwa, pima tabaka kwa tabaka, utaona ni mwaka gani ziwa lilianza kulishwa na vyoo na wapi linajilisha lenyewe kutoka hewani. Na chini zaidi kuna hadithi kubwa, kwa sababu Ziwa Victoria lote lilikauka enzi za mwisho za barafu, chini ya matope ya leo nguzo za matope zinazochimbwa zinakuta udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya nyasi. Lilijaa tena miaka kama 14,500 hivi iliyopita. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika lilikuwa malisho!

boda_wa_walukuba

subiri kidogo. ngege (perege) na mputa walikuwa wapi

mtu_wa_maabara

Mputa aliletwa na binadamu miaka ya 1950 na 60 tu, huyo mgeni. Wale samaki wadogo nkejje, aina zaidi ya 500, inaonekana wengi wametokea baada ya ziwa kujaa tena, ndiyo maana wanabiolojia wanalitolea macho ziwa letu. Ila huo ni uzi mwingine usinipeleke huko.

binti_wa_mubuku

Jamani nimekaa na simu mpaka chaji imeisha. Mwalimu asante kwa lile la mlima, nimemsomea mjomba neno kwa neno. Hajasema ndiyo lakini ameniuliza kama hao watu wa mafuta nao hawachimbi matope, nikamwambia mafuta yenyewe ya Albertine ni mwani wa ziwa la zamani uliozikwa ukapikwa chini, akatikisa kichwa. Naona kuna mlango hapo.

Sasa mnisaidie na la vitendo. Mtu_wa_maabara umesema nipime tope. Meli ya kuchimba bahari sina, spektromita sina, na nikisema nataka kufanya vya bahari na si vya ziwa peke yake nitapata wapi hata kijiko cha tope?

mtu_wa_maabara

Meli huhitaji. Nguzo zote za matope za ile miradi ya kimataifa ya kuchimba bahari zimehifadhiwa kwenye majokofu sehemu tatu, Bremen Ujerumani, College Station Texas, na Kochi Japani. Mtafiti anaandika ombi anaeleza anataka sentimita ngapi kutoka tope gani na kwa nini, ombi likiwa na akili wanatuma. Kuna matope yametolewa miaka ya 1970 na watu bado wanagundua mapya ndani yake. Jambo gumu ni mashine na hapo lazima uwe na msimamizi wa nje mwenye maabara. Mainz Ujerumani, taasisi ya Max Planck ya kemia, ndiko Martínez-García aliko na wanafanya vigamba kila siku. Waandikie barua fupi. Usiwaambie unapenda mazingira, kila mtu anapenda mazingira, waambie swali lako ni lipi na umesoma karatasi gani na pale usipokubaliana nayo.

Na hii njia sasa imetoka hata nje ya vigamba. 2022 walipima enameli ya meno ya megalodoni, yule papa mkubwa aliyekwisha zamani, nitrojeni yake ikawa nzito ajabu, yaani alikuwa anakula wala nyama waliokula wala nyama. 2025 hao hao wa Mainz na wenzao wakapima meno ya Australopithecus, jamaa wa kale wa binadamu, wa Sterkfontein, Afrika Kusini, ikaonekana hawakuwa wanakula nyama kwa wingi. Sasa fikiria Uganda ina mifupa ya kale ya Napak na Moroto kule kwa afande. Usifungiwe kwenye bahari peke yake.

afande_mstaafu

Napak naijua vizuri. Wazungu walikuwa wanakuja na brashi ndogo, sisi tunawalinda. Siku nzima mtu anapangusa jiwe. Tulikuwa tunacheka. Kumbe.

kusi_na_kaskazi

Binti ukifika kwenye matumbawe nitafute, huku Malindi kuna tumbawe limetobolewa likatoa rekodi ya joto la bahari ya karibu miaka 200, na matumbawe nayo yana nitrojeni ndani ya mifupa yake, watu wanaipima siku hizi. Nauli ya basi Kampala Mombasa unaijua.

mwalimu_osukuru

Nami niongeze moja halafu naenda kusahihisha mitihani. Msisahau fosforasi. Nitrojeni bahari inaweza kujitafutia hewani, fosforasi haiwezi, inangoja mwamba umomonyoke na mto uilete. Na hapa kwetu Sukulu tumekaa juu ya kilima cha fosfeti cha volkano ya zamani. Binti mtu akikwambia Uganda haina la kusema kwenye rutuba ya bahari mlete Tororo nimwonyeshe jiwe.

Ila mimi na mtu_wa_maabara hatukubaliani kitu kimoja. Yeye anakupeleka Murchison kwenye vyoo, mimi nasema kaa na mlima. Matope ya ziwa yana watafiti wengi tayari, na barafu ile haitakungoja.

mtu_wa_maabara

Mwalimu mlima hauna foraminifera 😂 atapima nini, mawe? Hilo ni jambo la berili, mashine nyingine kabisa na bei nyingine kabisa.

mwalimu_osukuru

Vijiziwa vya Rwenzori vina matope. Mahoma, Bujuku. Tope ni tope.

binti_wa_mubuku

Mwalimu hapo umenigusa, Mahoma nimefika nikiwa shule, ziwa limekaa nyuma ya kile kilima kilichoachwa na barafu kabisa. Ngoja nisome waliochimba hapo walipata nini kabla sijaandika barua. Lakini nataka pia nianze na kitu kidogo cha karibu nijue mikono yangu inaweza, hata kama ni tope la ufukweni tu la kuangalia daiatomu (mwani wadogo wenye ganda) kwa darubini ya chuo.

mukene_wa_katosi

Mkija kuchukua tope mje Katosi, mtumbwi ninao na injini iko sawa. Mafuta mtajaza wenyewe. Na mje asubuhi kabla upepo haujaanza, mchana sitoki na wasomi mimi, mnatapika.